Metali nzito kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yanarudi kila penye watu wa maziwa: kwenye mafunzo ya wafugaji Mtwara Mikindani, kwa akina mama wanaofuga ndani huko Masasi na Nachingwea, kwa vijana wanaosambaza maziwa kwa baiskeli Lindi mjini. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayotokea kwa nadra. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Ya msingi

1. Metali nzito ni kitu gani?

Ni madini kama risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki. Mwili hauna kazi nayo, na yakiingia hata kwa kiasi kidogo, kidogo hicho hujikusanya siku baada ya siku. Shaba, zinki na chuma nayo hutajwa kwenye kundi hili, lakini hayo mwili unayahitaji. Tatizo lake huanza yakizidi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba metali haiozi, haiungui na haiishi nguvu. Dawa ya kupulizia mikorosho ina siku zake za kuisha kwenye jani. Risasi iliyomwagika uani mwaka huu itakuwepo hapo wajukuu wako wakicheza.

2. Zinaingiaje kwenye maziwa?

Kwa milango miwili. Wa kwanza ni ng'ombe mwenyewe: anakula, analamba au anakunywa kitu chenye metali, inaingia kwenye damu, na sehemu yake inapita kwenye kiwele. Bahati nzuri ni kwamba mwili wa ng'ombe unazuia sehemu kubwa. Kadimiamu nyingi hubaki kwenye figo na maini, risasi huenda kujificha kwenye mifupa, na kinachofika kwenye maziwa ni kidogo kuliko alichomeza. Risasi ndiyo sumbufu zaidi kwa sababu mwili huidhania kuwa kalisi (kalsiamu), na maziwa ni chakula cha kalisi.

Mlango wa pili hufunguka baada ya kukamua: ndoo, dumu, sufuria, maji ya kuoshea vyombo, na maji ambayo wengine huongeza kwenye maziwa ili yaonekane mengi. Watu wengi huuliza kuhusu mlango wa kwanza tu. Kwa mfugaji wa ng'ombe wawili watatu, wa pili una uzito uleule, na ndio rahisi zaidi kuufunga.

3. Kwa hiyo maziwa ya huku kwetu yana metali nzito?

Maziwa yote duniani yana chembe zake, kwa kuwa udongo na maji yana chembe hizo. Swali la maana ni kiasi gani, na kiasi hicho hakigawanywi kwa mkoa, kinagawanywa kwa zizi. Mtwara na Lindi hazina viwanda vikubwa vya kuyeyusha metali. Hatari yetu iko kwenye vitu vidogo vilivyo karibu na nyumba: betri iliyokufa, gereji ya jirani, jalala, majivu ya nyaya, sufuria ya kusubu (ile ya fundi wa mtaani anayeyeyusha vyuma chakavu). Ndiyo maana wafugaji wawili wa mtaa mmoja pale Chikongola wanaweza kuwa na maziwa tofauti kabisa.

4. Kiwango kinachoruhusiwa ni kipi?

Kwa risasi, viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka maziwa yasizidi miligramu 0.02 kwa kilo. Umoja wa Ulaya nao unatumia kiwango hichohicho. Hiyo ni sawa na gramu moja ya risasi iliyosambaa kwenye tani 50 za maziwa, kwa hiyo haihitajiki risasi nyingi kuharibu ndoo ya lita kumi.

Kiwango hicho ni cha biashara na udhibiti. Kisisomwe kama ruhusa ya kunywa hadi hapo bila wasiwasi. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliondoa kipimo cha zamani cha ulaji wa risasi kwa wiki, kwa sababu haikuona kiasi ambacho mtu angeweza kuambiwa kwa uhakika kuwa hakimdhuru.

5. Nitajuaje kwa macho, kwa kunusa au kwa kuonja?

Hutajua. Maziwa yenye risasi ni meupe, matamu na yanaganda vizuri. Laktomita nayo haisaidii: inaonyesha kama maziwa yameongezwa maji. Kipimo cha spiriti cha kituoni kinaonyesha kama yameanza kuchacha. Vifaa hivyo ni vizuri kwa kazi yake, lakini metali nzito hupimwa maabara (swali la 18).

## Madhara kwa mnywaji

6. Yanamfanya nini mtu?

Risasi hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, hupunguza damu, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miaka 10 hadi 30. Aseniki ikinywewa kwa miaka mingi huharibu ngozi na huleta saratani. Dozi ndogo ya kila siku haiumi popote. Hakuna kuhara wala homa ya kukukimbiza hospitali, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

7. Kwa nini watoto hutajwa kila mara?

Kwa sababu utumbo wa mtoto mdogo hunyonya karibu nusu ya risasi anayoimeza, wakati mtu mzima hunyonya takriban sehemu moja ya kumi. Ubongo wake bado unajengwa, na kilichoharibika hapo hakirudi. Tena mtoto ndiye anayekunywa maziwa mengi kuliko mtu yeyote nyumbani ukilinganisha na uzito wake.

Mtoto aliyepungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma huinyonya risasi zaidi. Huku kwetu kwenye malaria na minyoo, upungufu wa damu ni jambo la kawaida, kwa hiyo mboga za majani, kunde, mbaazi, dagaa na dawa ya minyoo kwa wakati wake ni kinga pia dhidi ya risasi.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maziwa ya ng'ombe kabisa, yawe safi au la. Maziwa ya mama yanamtosha.

8. Mama mjamzito aache maziwa?

Asiache. Risasi iliyojificha kwenye mifupa ya mama hufumuka zaidi wakati wa ujauzito, mwili unapochota kalisi kumpa mtoto. Mama anayepata kalisi ya kutosha kwenye chakula huchota kidogo zaidi kutoka kwenye mifupa yake. Kinachotakiwa ni maziwa kutoka zizi analolijua, au dagaa na mboga kama hana uhakika na zizi.

9. Mafundi wa betri na wapaka rangi huambiwa wanywe maziwa kuondoa sumu. Ni kweli?

Imani hii ina mizizi mirefu, na inawapa mafundi wetu utulivu wasiostahili kuwa nao. Kalisi ya maziwa hupunguza kidogo kiasi cha risasi kinachonyonywa tumboni. Haifikii moshi na vumbi vilivyoingia mapafuni, haitoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu, wala haigusi iliyomo mifupani. Fundi anakingwa na barakoa ya maana, kunawa mikono kabla ya kula, na kuvua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Ukimkuta fundi anakunywa maziwa yake huku mikono ina unga wa betri, ujue anakula risasi na maziwa juu.

## Ng'ombe, malisho na maji

10. Ni kitu gani cha kuogopwa zaidi zizini?

Betri ya gari, ya pikipiki au ya sola ya aina ya risasi na tindikali. Betri ndiyo chanzo kinachoongoza cha ng'ombe kufa ghafla kwa sumu ya risasi katika nchi nyingi. Ng'ombe anapenda kuilamba kwa sababu ya ladha ya chumvichumvi, na ikiwa imepasuka anatafuna vile vibamba vya ndani kama anavyotafuna mfupa. Vipande vizito hushuka na kukaa kwenye tumbo la pili, lile la vijumba kama sega la nyuki, na hapo vinaendelea kuyeyuka polepole kwa wiki na miezi.

Pwani yetu ina jambo lake la pekee. Kuanzia Msimbati, Mikindani hadi Kilwa, wavuvi wanahitaji chubwi (vizito vya kuzamishia) za nyavu na mishipi, na risasi ya bei nafuu hupatikana kwenye betri zilizokufa. Betri inapasuliwa kwa shoka nyuma ya nyumba, vibamba vinayeyushwa kwenye kopo juu ya mafiga, risasi inamiminwa kwenye vijishimo vya mchanga. Jioni chubwi zinakusanywa. Kinachobaki ni unga wa kijivu kwenye mchanga, takataka za juu ya kopo zilizotupwa pembeni, na ganda la betri ambalo kesho litageuzwa chombo cha kunyweshea kuku. Ng'ombe, mbuzi na watoto wote hupita hapo hapo. Kama kazi hii inafanyika kwako, ihamishe mbali na makazi na malisho. Hakuna hatua nyingine kwenye ukurasa huu itakayokupa faida kubwa kuliko hiyo.

11. Vingine vya kuangalia ni vipi?

Majivu ya nyaya. Vijana huchoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ng'ombe hupenda kulamba majivu kama anavyolamba chumvi.

Mbao na nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zikisimama kwenye banda hazina shida kubwa. Ukizichoma, aseniki hubaki kwenye majivu. Vipande vyake visitumike kuni wala majivu yake yasitupwe bustanini.

Oili chafu. Wengi huipaka kwenye miti ya banda kuzuia mchwa, na wapo wanaompaka ng'ombe mwenyewe kufukuza kupe. Imebeba metali zilizosagika ndani ya injini, na ng'ombe hulamba mti na hujilamba ngozi. Dawa ya kupe ipo, tumia hiyo.

Rangi ya zamani inayobanduka kwenye milango na mageti, na jalala la mjini. Ng'ombe anayechungiwa jalalani anachagua maganda ya ndizi, lakini anameza pia vilivyoshikana nayo.

12. Salfa ya mikorosho inatua kwenye majani ninayomkatia ng'ombe. Hiyo ni metali nzito?

Hapana. Salfa si metali, na haiwezi kugeuka risasi wala kadimiamu. Lakini isichukuliwe kama unga usio na neno. Ng'ombe akila salfa nyingi, humzuia kunyonya shaba ambayo anaihitaji, na ikizidi sana huweza kumdhuru ubongo. Msimu wa kupuliza, kata majani mbali na shamba la mikorosho. Kama huna pengine pa kukata, subiri mvua iyaoshe au yasuuze mwenyewe kwa maji.

Dawa nyingine za ukungu ni habari tofauti. Mrututu una shaba ndani yake, na shaba ikizidi humuumiza ng'ombe ini. Kondoo ndiye dhaifu zaidi, asilishwe kabisa majani yaliyopuliziwa. Soma lebo ya kila dawa.

13. Nakata majani kando ya barabara kuu ya kwenda Masasi. Nina kosa?

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, iliacha 2021. Kwa hiyo moshi wa leo si ule wa zamani. Ila risasi ya zamani bado imo kwenye udongo wa juu wa kando za barabara zilizokuwa na magari mengi. Ingia ndani kidogo kutoka barabarani, kata juu ya shina, kung'uta udongo.

Hoja ya udongo inahusu wafugaji wote. Kiangazi nyasi zikiwa fupi, ng'ombe humeza udongo mwingi pamoja na kila tonge la nyasi, na mara nyingi udongo ndio unaobeba metali kuliko jani lenyewe. Hori lililoinuliwa kutoka chini ni kinga ya bei rahisi.

14. Mashudu, pumba na chumvi ya kulamba vina shida?

Alizeti ina tabia ya kuvuta kadimiamu kutoka udongoni, na mbolea za fosfeti huweza kuwa na kadimiamu kulingana na mwamba zilikotoka. Hata hivyo kadimiamu haipiti kwa urahisi kwenye maziwa (swali la 2), kwa hiyo usiache mashudu ya alizeti au ya ufuta kwa ajili ya hili. Hofia ukungu kwenye mashudu hayo; sumukuvu si metali, lakini inapita kwenye maziwa na ndiyo tishio kubwa zaidi kwa chakula cha ng'ombe huku kwenye unyevu.

Chumvi ya madini inunue kwenye duka la pembejeo, yenye lebo. Na usimnyime. Ng'ombe aliyekosa chumvi na fosforasi ndiye anayezunguka akitafuna mifupa, mifuko na betri. Chumvi ya mifugo ni kinga dhidi ya risasi, ingawa kwenye pakiti haijaandikwa hivyo.

15. Maji je?

Maji yenye rangi ya kutu yana chuma. Yanachafua ndoo lakini si sumu ya aina tunayoizungumzia. Kisima kirefu kipya kipimwe mara moja kabla hakijaanza kutumiwa na watu na mifugo. Kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako wengi huvuna maji ya paa, mwaga maji ya mvua ya kwanza na usivune kutoka kwenye bati lenye rangi ya zamani inayobanduka.

16. Tunaishi karibu na machimbo. Zebaki na kinywe vinaingia kwenye maziwa?

Kinywe (grafiti) kinachochimbwa Ruangwa ni kaboni, si metali nzito. Vumbi lake linaudhi, lakini lisichanganywe na risasi.

Dhahabu ni jambo jingine. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu humdhuru kwanza anayeichoma na walio karibu na moshi wake. Ng'ombe akinywa maji ya mwaloni (panapooshewa mawe ya dhahabu) au akilamba marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa), hatari haiishii kwenye zebaki, kwa kuwa mawe yenye dhahabu mara nyingi huja na aseniki, na mengine risasi. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani. Chanzo cha shida ile kilikuwa vumbi uani, hakikuwa maziwa, lakini inaonyesha kwa nini kusagia mawe nyumbani, karibu na zizi na jiko, si jambo la kulifumbia macho. Marudio yazungushiwe uzio.

Na kwa zebaki kwenye chakula, wakazi wa pwani wafikirie papa na samaki wakubwa wanaokula samaki wengine kabla ya kufikiria maziwa.

## Vyombo na jikoni

17. Nitumie chombo gani?

Cha kukamulia na kubebea: stenlesi, au aluminiamu ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya maziwa. Ndoo ya plastiki ya chakula inafaa kwa maana ya metali, ila ikichubuka ndani huficha vijidudu.

Usitumie ndoo iliyokuwa ya rangi hata kama imesuguliwa ikang'aa, wala dumu lililokuwa la dawa ya shambani. Ndoo ya bati la zinki iache kwa maji ya kuoshea.

Sufuria za kusubu zinahitaji maneno zaidi. Fundi hukusanya vipande vya injini, rejeta, makopo na mabaki yoyote ya aluminiamu, anayeyusha vyote pamoja. Humo huingia risasi bila yeye kujua wala kukusudia. Vipimo vya sufuria za aina hii kutoka nchi mbalimbali za Afrika na Asia vimekuta nyingi zinatoa risasi kwenye chakula, hasa chakula chenye uchachu. Maziwa freshi hayana uchachu mkali. Mtindi unao. Kwa hiyo kosa kubwa ni kugandishia maziwa kwenye sufuria ya kusubu usiku kucha. Kama ndiyo sufuria uliyonayo, chemshia haraka na uhamishe; mtindi ugandishie kwenye chombo cha kioo, plastiki ya chakula, stenlesi au kibuyu. Usiisugue kwa mchanga au steelwool hadi ing'ae, maana unaondoa utando unaoizuia kutoa metali.

Mabakuli ya enameli yaliyobanduka ndani yastaafishwe.

18. Nikitaka kupima, naanzia wapi?

Anzia kwa afisa mifugo wa kata. Mtwara kuna ofisi ya Kanda ya Kusini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Uliza kabla hujakamua: sampuli kiasi gani, gharama, na kama itapimwa hapo au itasafirishwa Dar es Salaam.

Sampuli mbovu itakupa jibu la uongo. Chukua chupa mpya ya plastiki uliyopewa na maabara, kamulia moja kwa moja ndani yake baada ya kuosha kiwele na mikono, bila kupitia ndoo wala funeli ya bati. Kisha chukua ya pili kutoka kwenye ndoo yako ya kila siku. Ziandike, ziweke kwenye barafu. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili ikawa chafu, ng'ombe wako hana kosa. Chombo ndicho chenye kosa.

Si kila mfugaji ana sababu ya kulipia kipimo. Kama banda lako halina hata kimoja cha vitu vya maswali ya 10 na 11, fedha hiyo nunulia ndoo nzuri.

19. Kuchemsha kunaondoa metali?

Hakuondoi. Lita moja ikipungua ikabaki robo tatu, risasi ni ileile ndani ya maziwa machache. Kuchuja kwa kitambaa, kuweka mkaa, kuweka kwenye friji, kote ni bure kwa shabaha hii.

Pamoja na hayo, chemsha. Usisome ukurasa huu ukaacha kuchemsha maziwa! Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hufa kwa moto, na hizo ni hatari za leo na kesho kwa kila anayekunywa maziwa mabichi.

20. Samli, mtindi na jibini je?

Risasi hushikana zaidi na protini ya maziwa kuliko na mafuta. Kwa hiyo samli huwa na kidogo, jibini huwa na nyingi kwa kilo kuliko maziwa yaliyoitengeneza, na mtindi hubaki na kilekile kilichokuwamo, ukiongeza kile ulichovuta kwenye chombo (swali la 17).

21. Maziwa ya pakiti ni salama zaidi?

Joto la kiwandani haliondoi metali, kama lile la jikoni kwako. Tofauti ni kwamba maziwa ya pakiti yamechanganywa kutoka kwa wafugaji wengi, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, ina pa kuyafuatilia. Maziwa ya jirani unayemjua, mwenye banda safi, hayana sababu ya kuwa duni kwa hili.

## Yanayotokea kwa nadra

22. Ng'ombe wangu amelamba betri leo asubuhi. Nifanye nini?

Mwondoe hapo, na wengine wote. Piga simu kwa daktari wa mifugo hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Dalili huweza kuchukua siku kadhaa. Angalia kusaga meno, kutetemeka masikio na kope, kutoona, kugandamiza kichwa ukutani, kukosa choo, kisha degedege. Mwelekeze daktari kuhusu betri mapema, kwa sababu dalili hizo zinafanana na za kichaa cha mbwa. Kwa sababu hiyohiyo usimtie mkono mdomoni. Dawa ya kuvuta risasi kwenye damu ipo, pamoja na vitamini B1, na hufaa zaidi ikiwahi.

Maziwa yake, kuanzia mkamuo wa leo, yasinywewe wala yasiuzwe. Usimpe ndama, ndama hudhurika haraka kuliko mama yake. Fukia mbali na kisima.

23. Amepona, anakula vizuri. Lini nirudishe maziwa sokoni?

Usihesabu siku kama unavyohesabu baada ya sindano ya antibayotiki. Risasi huisha kwenye damu kwa miezi, na kama kipande kimebaki tumboni huendelea kuingia. Rudisha baada ya kipimo cha maziwa kuonyesha yako chini ya kiwango, ukipima tena baada ya kuzaa, kwa sababu wakati huo mifupa huachia kalisi na risasi pamoja.

24. Nikiyachanganya na ya ng'ombe wengine watano si yatapungua makali?

Namba itashuka, lakini risasi yote itakuwa imewafikia wateja wako, tena bila wao kujua. Usifanye hivyo. Hasara ya mkamuo wa ng'ombe mmoja inauma, na ushirika au kikundi cha wafugaji kikikubaliana mapema jinsi ya kumsaidia mwenzao siku kama hiyo, kishawishi hiki kinapungua.

25. Amekufa. Nyama inaliwa?

Hapana. Maini, figo na mifupa ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa, na supu ya mifupa ndiyo mbaya zaidi. Afisa mifugo akishamwona, afukiwe shimo refu, na mbwa wasimfikie.

26. Betri ilipasukia uani miaka iliyopita. Udongo ule nifanyeje?

Usifagie pakiwa pakavu, vumbi lake ndilo linaloingia puani. Lowesha, funga pua na mdomo, chota tabaka la juu pamoja na kila kipande cha kijivu unachokiona, tia kwenye viroba imara na umwombe afisa afya wa kata akuelekeze pa kuvipeleka. Visimwagwe mtoni Lukuledi, visiende kwenye tuta la mchicha. Palipobaki funika kwa udongo safi ulioshindiliwa, au zege kama uwezo upo, na hori la ng'ombe lihamie upande mwingine wa nyumba. Kama watoto wamekuwa wakicheza hapo, wapelekwe hospitali na useme wazi kwamba unataka wapimwe risasi kwenye damu. WHO inashauri kwamba mtoto akifikisha maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.